Wakia Mbili, Kalkuleta Moja

Kalkuleta yangu ni Casio fx-991MS ya miaka ya 2000. Maandishi ya vitufe vya 2 na 5 yamefutika kwa kubonyezwa. Nilifundishia nayo fizikia hapa Shinyanga mpaka nikastaafu, na sasa natunzia hesabu za kikundi cha wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Geita. Kwenye maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, umeme ni wa kubahatisha, lakini yenyewe haijali: ina sola juu ya kioo na betri ndogo ndani. Najua simu nayo inakokotoa. Ila simu huishiwa chaji, na mnunuzi akiishika mkononi mwake huoni anabonyeza nini.

Uzuri wake uko kwenye CONV. Unaandika kiasi, unabonyeza SHIFT na CONV, kisha namba ya kigeuzo: 01 inchi kwenda sentimita, 11 ekari kwenda mita za mraba, 23 ratili kwenda kilo. Viko 40. Ufundi huu ni wa zamani; HP-45 ya Marekani, mwaka 1973, ilikuwa tayari inageuza inchi, ratili na galoni. Iliuzwa dola 395, enzi ambazo wakia ya dhahabu ilikuwa kama dola 100. Yaani wakia nne kwa kalkuleta moja!

Sasa wakia hiyohiyo ndiyo ilituletea ugomvi. Kijana mmoja wa kikundi alinijia amekunja uso. “Shikamoo mwalimu. Huyu mnunuzi anatuibia.” Alikuwa na gramu 100. Aliazima kalkuleta yangu, akatumia kigeuzo namba 22, gramu kwenda wakia, akapata 3.527. Mnunuzi, kabla hata ya kukata usafi, alikuwa ameandika 3.215. Kwa bei ya, tuseme, dola 3,000 kwa wakia, tofauti hiyo inapita dola 900. Ungekuwa wewe usingenuna?

Mnunuzi alikuwa sahihi, na kalkuleta nayo ilikuwa sahihi. Wakia ya namba 22 ni ile ya madukani Marekani, na zamani Uingereza, ya kupimia jibini na barua: gramu 28.35. Wakia ya dhahabu, inayotajwa kwenye bei ya London, ni gramu 31.1035. Zote zimejengwa kwa punje ileile ya kale ya Kiingereza, ila ya duka ni punje 437.5 na ya dhahabu ni 480. Ratili ya duka ina wakia 16. Ya dhahabu ilikuwa na 12, Waingereza wakaifuta mwaka 1878, wakabakiza wakia yake. Waliopanga vigeuzo vile waliwafikiria wanafunzi, sonara wakamsahau.

Pointi nayo haimo kwenye vigeuzo. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019 na mizani inasoma gramu, lakini mdomoni kwa mchimbaji bado ni pointi, moja ya kumi ya gramu. Hiyo haihitaji kitufe. Unasogeza nukta tu.

Huku Shinyanga kuna karati. Tangu John Williamson, Mkanada, aanzishe mgodi wa Mwadui mwaka 1940, almasi zetu zinapimwa kwa karati ya gramu 0.2. Lile jiwe la waridi alilopewa Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake ya 1947 lilikuwa na karati 54.5 kabla ya kukatwa: gawanya kwa tano, gramu 10.9 tu. Karati ya dhahabu haipimi uzito kabisa. Ni usafi, na safi kabisa ni 24.

Kijana nilimwekea wakia sahihi kwenye kumbukumbu: 31.1035, SHIFT, STO, A. Tangu hapo 100 gawanya kwa A inatoa 3.215. Akaridhika, kisha akauliza: “Na usafi je, mwalimu? Amesema asilimia 89.” Tukazidisha kwa 0.89, ikabaki 2.861. Lakini hiyo 89 ilitoka kwenye mashine ya mnunuzi, na hakuna kitufe cha kuihakiki. Nikamwambia akapimishe kwa mnunuzi wa pili kabla hajauza.