Mraibu anapoingia kituo cha matibabu: Yanayomngoja yeye na jamaa zake

Tuchukue mfano wa familia moja ya Chara, kule Delta ya Mto Tana. Kijana wao ameshindwa na pombe. Asubuhi mikono humtetemeka hata hawezi kushika kikombe cha chai mpaka apate mnazi wa kumtuliza. Shamba la mpunga limeota magugu, mkewe amerudi kwao, na madeni ya mangweni yamefika mlangoni kwa mamake.

Ndugu wanakaa kikao. Wanachanga, wanauza mbuzi, na kijana anapelekwa kituo cha kurekebisha waraibu huko Malindi. Miezi mitatu baadaye anarudi amenawiri, na kila mtu anashukuru Mungu. Wiki mbili hazipiti, anaonekana mangweni tena. Familia inasema kwa uchungu kwamba pesa zao zimekwenda na maji.

Je, ni kweli? Mara nyingi kilichokosewa hapo si matibabu bali matarajio. Jamaa humpeleka mgonjwa kama mtu anayepeleka baiskeli kwa fundi, akaiacha Jumatatu na kuichukua Ijumaa ikiwa nzima. Naye mgonjwa huingia bila kuambiwa yatakayompata, akashtuka siku ya pili na kutoroka. Ni heri wote wawili wajue mapema safari hii ilivyo.

UGONJWA, SI UKAIDI

Shirika la Afya Duniani (WHO) huhesabu uraibu wa pombe na dawa za kulevya miongoni mwa magonjwa. Mtu anapotumia kileo kila siku kwa muda mrefu, ubongo wake hujipanga upya ili uweze kufanya kazi kileo kikiwamo. Kikikosekana ghafla, ubongo na mwili huvurugika. Hali hiyo ndiyo vijana wa pwani huiita arosto.

Ndiyo maana kuapa mbele ya wazee, au hata kulia machozi ya kweli, hakutoshi. Mgonjwa huyo anaweza kuwa na nia safi kabisa ya kuacha na bado akashindwa. Nia ni mlango tu. Matibabu ndiyo nyumba yenyewe.

KABLA YA SAFARI

Kosa la kwanza la hatari hutendeka nyumbani. Jamaa wakichoka, humfungia mlevi chumbani au kumfunga kamba "mpaka pombe imtoke". Usifanye hivyo. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikatiziwa pombe ghafla anaweza kupata kifafa, kuchanganyikiwa na hata kufa. Katika vileo vyote, pombe ni miongoni mwa vile ambavyo kuviacha ghafla kunaweza kuua. Vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi vina hatari iyo hiyo.

Anzeni kwa mhudumu wa afya aliye karibu. Kwa mkazi wa Chara hiyo ni zahanati, kisha Hospitali ya Ngao au vituo vya Garsen. Huko mgonjwa atapimwa na kupewa barua ya kumpeleka mbele. Mwelezeni mhudumu ukweli wote: anatumia nini, kiasi gani, tangu lini, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Asianze kuacha pombe peke yake akiwa mbali na hospitali.

Jambo hili lina uzito zaidi wakati wa mafuriko. Tana ilipofurika mwaka 2018, na tena mwishoni mwa 2023, vijiji vingi vya delta vilizingirwa na maji. Huo si wakati wa kujaribu kuacha pombe nyumbani, kwani kifafa kikimshika usiku hakuna gari la kumfikisha kwa daktari. Panga safari barabara ikiwa inapitika.

Akipata kifafa kabla hamjafika, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na mkimbizeni hospitalini.

Mwanamke mja mzito anayetumia heroini naye asiache ghafla. Ujauzito unaweza kudhurika. Amwone daktari kwanza.

SIKU YA KWANZA

Mgonjwa akifika kituoni ataulizwa maswali mengi, mengine ya kuaibisha: juu ya kileo, ndoa, deni, jela, na kama amewahi kutaka kujiua. Si udaku. Majibu hayo ndiyo yanayomwonyesha daktari njia.

Atapimwa shinikizo la damu, uzito na mkojo. Huenda akashauriwa kupimwa kifua kikuu, virusi vya Ukimwi na homa ya ini, hasa kama amekuwa akijidunga sindano. Kama tayari anameza dawa za kifua kikuu, Ukimwi, kisukari au kifafa, abebe dawa hizo na kadi yake. Zisikatizwe.

Mzigo wake utapekuliwa. Simu na pesa huenda zikawekwa ofisini, na kwa siku au wiki za mwanzo asiruhusiwe wageni. Mama asione kama mwanawe amefungwa. Mara nyingi simu ya kwanza mgonjwa anayopiga akizidiwa na arosto ni ya yule anayemuuzia.

SIKU ZA KUSAFISHA MWILI

Hiki ndicho kipindi kinachoogopwa kuliko vyote, nacho si kirefu.

Kwa mnywaji, kutetemeka, jasho, kichefuchefu na kukosa usingizi huanza saa chache baada ya chupa ya mwisho. Kifafa, kikija, huja zaidi katika siku mbili za kwanza. Baina ya siku ya pili na ya nne wengine huona vitu visivyokuwapo, wakapiga kelele na kutojua walipo. Hapo ndugu husema amerogwa au ameingiwa na pepo. La, ni ubongo unaolilia pombe. Daktari humpa dawa za kutuliza, kama diazepamu, ambazo hupunguzwa kidogo kidogo kwa siku chache, pamoja na vitamini B1, kwa kuwa walevi wengi huikosa na upungufu wake huharibu kumbukumbu.

Kwa mtumiaji wa heroini, ile inayoitwa unga, arosto huanza kabla ya siku moja kwisha tangu alipotumia mara ya mwisho. Makamasi humtoka, mifupa humuuma, tumbo huendesha, mwili husisimka. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi, na baada ya wiki moja hivi maumivu makubwa huwa yamepungua. Kwa kawaida arosto ya heroini haiui mtu mwenye afya, lakini kuhara na kutapika kunaweza kumkausha maji, basi apewe vya kunywa kila mara.

Anayeacha miraa, muguka au bangi hapatwi na mateso kama hayo. Yeye hulala kupita kiasi au hukosa usingizi, huwa na hasira, huzuni na hamu kubwa. Huzuni hiyo isipuuzwe.

METHADONI

Mtumiaji wa heroini ana njia nyingine. Kenya ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na hospitali ya Malindi ikafuata mwaka 2015. Ni dawa ya kunywa. Hukaa mwilini zaidi ya siku moja, huzuia arosto, na humwezesha mtu kufanya kazi badala ya kushinda akitafuta unga.

Wako wasemao kwamba huko ni kubadilisha kileo kwa kileo. Sivyo. Kipimo hutolewa na mhudumu, huanza kidogo na kupandishwa polepole, na mgonjwa hana haja ya kuiba wala kuchangia sindano. Ila asiichanganye na pombe au vidonge vya usingizi, maana pumzi inaweza kukatika.

Tatizo la mtu wa Chara ni umbali. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, hasa mwanzoni. Familia iamue mapema: je, kuna shangazi au mjomba Malindi atakayempa mahali pa kulala kwa miezi mingi? Bila jibu la swali hilo, matibabu yatakatika njiani.

WIKI ZINAZOFUATA

Mwili ukitulia, kazi yenyewe ndiyo inaanza. Vituo vingi vya kulala humweka mgonjwa kwa muda wa miezi mitatu hivi. Siku hupangwa: kuamka mapema, usafi, sala kwa anayetaka, kifungua kinywa, mafunzo, mazungumzo na mshauri, kazi za mikono, michezo, kulala.

Katika mikutano ya kikundi, mgonjwa husikiliza wenzake na kusema yake. Vituo vingi hufuata hatua 12 zilizoasisiwa na chama cha walevi waliojirekebisha, kilichoanza Marekani mwaka 1935. Wengi hukaa kimya wiki ya kwanza. Haidhuru. Akishasikia mtu mwingine akisimulia aibu kama yake, ulimi hufunguka.

Hapa pwani, kazi hii si ngeni. Mradi wa Omari wa Malindi ulianza kuwashughulikia watumiaji wa heroini mwaka 1995, na miongoni mwa washauri bora mahali popote ni wale waliowahi kuwa waraibu wenyewe.

Jamaa pia wataitwa. Msikwepe. Mke ataambiwa jinsi ya kuzungumza bila kulaumu. Mama ataambiwa aache kulipa madeni ya mangweni. Maneno hayo huuma, lakini ni sehemu ya dawa.

MATIBABU YASIYO MATIBABU

Kipigo, minyororo, njaa na kumwagiwa maji baridi si tiba. Kituo kinachofanya hivyo kikimbie. Kabla ya kulipa, uliza:

- Je, kituo kimesajiliwa na kutambuliwa na NACADA, shirika la taifa la kupambana na ulevi?
- Daktari au muuguzi yupo usiku?
- Ada inajumuisha nini, na bima ya SHA inapokewa?
- Kina nafasi ya wanawake, na wanalala mbali na wanaume?
- Mgonjwa atafuatiliwa vipi akisharudi nyumbani?

NACADA ina kituo chake Miritini, Mombasa, na simu yake ya msaada ni 1192, isiyolipiwa. Piga hata kama ni kuuliza tu.

KURUDI NYUMBANI

Sasa turudi kwa yule kijana. Siku ya kurudi ndiyo siku ya hatari kubwa. Kwa aliyekuwa akitumia heroini, mwili uliopumzika hauwezi tena kubeba kipimo cha zamani. Akirudia kile kile alichozoea, anaweza kufa siku hiyo hiyo. Aambiwe waziwazi, na jamaa nao wajue: mtu asiyeamka, anayepumua kwa shida na midomo ikageuka rangi, apelekwe hospitalini mara moja.

Kwa mnywaji, hatari ni ile njia ya jioni inayopita mangweni. Kituo hakiwezi kuihamisha njia hiyo. Kazi hiyo ni ya kijiji. Nani atafuatana naye shambani wiki za kwanza? Akiuza embe au samaki, nani atamshikia fedha kwa hiari yake? Mke atarudi lini? Wazee wa Gasa, imamu na mchungaji wanaweza kusaidia sana kwa jambo moja dogo: kumkaribisha bila kumwita mlevi.

Akiteleza, msimtupe. Watafiti wa Marekani hukadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya wanaotibiwa uraibu hurudia, kiwango kinachokaribiana na kile cha wagonjwa wa shinikizo la damu au pumu wanaozidiwa tena. Mgonjwa wa shinikizo akizidiwa hatusemi tumepoteza pesa. Tunamrudisha kwa daktari, na dawa inabadilishwa.

Kwa hivyo, fedha za wale mbuzi hazikwenda na maji. Zimelipia sehemu ya kwanza ya matibabu. Sehemu ya pili hailipiwi kituoni. Inangoja pale Chara, siku kijana anaposhuka garini na mfuko wake mkononi, na kutazama ni nani amekuja kumpokea.