Zamu ya Mtoto

Wazazi tunamjua mtoto wa miaka mitatu au minne akataaye kuvalishwa kandambili, akasema atavaa mwenyewe, kisha akazigeuza ya kushoto kulia. Ni huyo huyo atakayelia nduguye akipewa kipande kikubwa cha muhogo. Sisi huyaita mambo hayo ukaidi na wivu, na tunahukumu haraka mno.

Katika Hadithi ya Sahl bin Saad (R.A.), iliyomo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, Mtume (S.A.W.) aliletewa kinywaji, akanywa. Kuliani kwake alikaa kijana mdogo, kushotoni wazee, na ada ni kuanzia kulia. Mtume akamwomba mtoto ruhusa awatangulize wazee. Mtoto akakataa kumwachia yeyote fungu lake litokalo kwa Mtume. Basi akakabidhiwa chombo mkononi. Tuzingatie kwamba aliombwa, na jibu lake likaheshimiwa, ijapokuwa wakubwa walikuwapo.

Wenyeji wa Kifaru hawahitaji kufundishwa maana ya zamu. Katika milima ya Pare iliyo juu yao, maji ya ndiva, yale mabwawa ya asili yajazwayo usiku ili yamwagilie mashamba mchana, hugawanywa kwa zamu, na afunguaye mfereji nje ya zamu yake huzua ugomvi. Mtoto aliyekulia hapo, akiona nyumbani kaka anacheza na dada ndiye abebaye ndoo kila siku, atakosaje kuuliza?

Mwaka 2015 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa jozi 866 za watoto wa nchi saba, Uganda ikiwemo. Mtoto mmoja aliweza kukubali au kukataa mgawo. Akikataa, wote wawili hukosa. Katika nchi zote saba watoto walifikia kukataa mgawo uliowapunja. Kukataa mgawo uliowapendelea wenyewe kulionekana Marekani, Kanada na Uganda tu, tena kwa watoto wakubwa zaidi. Kwa maoni yetu, hilo la pili ndilo hasa linalongoja malezi.

Nuuman bin Bashir (R.A.) alisimulia kwamba baba yake alimpa zawadi, akamwendea Mtume (S.A.W.) awe shahidi. Akaulizwa kama watoto wake wengine nao wamepewa mfano wake. Akajibu hapana, naye akaamrishwa awafanyie watoto wake uadilifu. Baba akarudi, akaichukua tena zawadi ile.