Nyumba Ni Yake, Uwanja Si Wake

Mgeni atokaye bara akifika Mombasa hustaajabu aambiwapo kwamba nyumba aionayo ni mali ya mtu mmoja, na ardhi iliyo chini yake ni mali ya mtu mwingine. Kwa wenyeji wa kisiwa hicho jambo hili si geni hata kidogo. Katika mitaa kama Majengo wako watu waliozaliwa na kuzeeka ndani ya nyumba zilizojengwa na babu zao, nao hulipa kodi ya uwanja kwa mwenye ardhi. Desturi hiyo huitwa "nyumba bila ardhi". Kodi ikilipwa, watu hukaa kwa amani miaka mingi. Lakini mwenye nyumba atakapo kujenga upya, ndipo mashauri huanza.

Asili ya matata haya ni ya zamani. Kwa desturi ya pwani na kwa sheria ya Kiislamu, mnazi waweza kuwa wa mtu mmoja na shamba likawa la mwingine, na nyumba vivyo hivyo. Sheria ya Kiingereza haikuwa hivyo: kilichojengwa juu ya ardhi huhesabiwa kuwa sehemu ya ardhi. Sheria hizo mbili zilikutana katika Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyohusu ukanda wa pwani, ambao wakati ule ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ukiendeshwa na Waingereza kwa mapatano ya mwaka 1895. Kila aliyedai ardhi alitakiwa kupeleka madai yake, na ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Aliyepewa hati alihesabiwa pia kuwa mwenye minazi na nyumba zilizokuwapo juu ya ardhi hiyo siku ile, isipokuwa haki ya mtu mwingine iwe imeandikwa katika hati yenyewe. Basi mwenye nyumba asiyeandikwa alibaki na haki ya mdomo tu. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012, lakini matata iliyoyaacha hayakufutika nayo.

Yafaa ifahamike kwa nini ujenzi ndio uletao ugomvi. Nyumba ya Kiswahili ya zamani ilijengwa kwa miti, fito na udongo, ikaezekwa makuti. Mapatano yakivunjika, mwenyewe aliweza kuchukua milango yake na boriti zake akaenda zake, na uwanja ukarudi mikononi mwa mwenyewe. Nyumba ya mawe haichukuliki. Tuseme mtu amerithi nyumba ya udongo huko Majengo, kuta zimepasuka, naye ana fedha za kutosha kujenga kwa mawe na saruji, pengine na ghorofa juu ili apangishe vyumba. Mwenye ardhi hukataa, naye ana sababu: akikubali, siku atakapoitaka ardhi yake atadaiwa fidia kubwa, au hataipata kabisa. Mwenye nyumba naye huona kwamba anangojewa nyumba ianguke ili aambiwe mapatano yamekwisha. Wote wawili wana hofu ya haki, na hilo ndilo liyafanyalo mashauri haya kuwa magumu.

Watu wengi hudhani kwamba ramani ikipitishwa na Serikali ya Kaunti, basi mambo yamekwisha. Sivyo. Kwa Sheria ya mwaka 2019 ya Mipango na Matumizi ya Ardhi, hakuna ruhusa ya kujenga isipotolewa na Kaunti. Lakini ruhusa hiyo haimwondolei mwenye ardhi haki yake. Vivyo hivyo, barua ya mwenye ardhi haitoshi pasipo ramani kupitishwa. Zatakiwa zote mbili, na katika Mji wa Kale hata hizo hazitoshi. Mahali hapo pamehifadhiwa kwa sheria, na atakaye kubadili uso wa nyumba, roshani au mlango wa nakshi hana budi kwanza kupata idhini ya Makumbusho ya Taifa. Tena viwanja vingine kisiwani ni wakfu, na hapo ruhusa huombwa kwa wasimamizi wa wakfu.

Majaji wa pwani wamekiri katika hukumu zao kwamba desturi ya nyumba bila ardhi ipo kweli. Kukiri huko hakumpi mwenye nyumba ardhi. Kwa hiyo kila shauri huamuliwa kwa ushahidi wake: ni nani aliyeruhusu, aliruhusu kujenga nini, na kodi ililipwa hadi lini. Stakabadhi za kodi, hata zikiwa zimeliwa pembe na mende, zina thamani kuliko mashahidi kumi wa mtaani. Na ifahamike kwamba Kadhi huamua ni nani mrithi wa nyumba, ikiwa wahusika ni Waislamu. Ugomvi wa nyumba na ardhi yenyewe hupelekwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Anunuaye nyumba ya namna hii hununua kuta na paa. Kabla ya kutoa fedha zake, na aende pamoja na muuzaji kwa mwenye ardhi, aulize kama kodi imebaki, na aombe jina lake liandikwe katika daftari ya kodi. Ikiwa anakusudia kubomoa na kujenga kwa mawe, ruhusa hiyo na iandikwe siku hiyo hiyo, itaje ghorofa ni ngapi, na itiwe sahihi mbele ya mashahidi.