Kurusha Picha Kwenye TV Hakuli Bando

"Fundi, nikitaka kuunganisha kompyuta na TV bila waya, niweke bando la GB ngapi?"

Sifuri. Usiweke GB moja, wala MB mia tano. Nimewajibu hivyo walimu wa Bariadi mjini, makatibu wa kwaya wa Maswa, mwenye kibanda umiza wa Lamadi, na maofisa kilimo waliokuwa wakiandaa banda lao la Nane Nane pale Nyakabindi. Swali bado linarudi. Safari hii amelileta mwalimu wa sekondari aliyeahirisha kipindi cha baiolojia kwa sababu bando lake lilikuwa limekata asubuhi. Video ya mgawanyiko wa seli alikuwa nayo tayari ndani ya kompyuta. TV ya shule ilikuwa ukutani na umeme ulikuwepo. Darasa zima limekosa somo kwa kukosa kitu ambacho hakikuhitajika hata kidogo, na jambo hilo linaniudhi kiasi kwamba leo nalipa ukurasa mzima.

Wi-Fi ni redio. Ndani ya kompyuta mpakato yako kuna redio ndogo inayotuma na kupokea, na ndani ya TV janja kuna nyingine ya aina hiyohiyo. Redio hizo mbili zinaweza kuongea moja kwa moja bila mnara wa kampuni ya simu kuhusika. Majirani wakizungumza juu ya ua hakuna anayewadai vocha. Kwenye kompyuta za Windows njia hii inaitwa Miracast. Ilizinduliwa mwaka 2012 na Wi-Fi Alliance, umoja wa watengenezaji wa vifaa vya Wi-Fi, na imejengwa juu ya utaratibu unaoruhusu vifaa viwili kushikana vyenyewe, bila ruta katikati. Microsoft waliiingiza kwenye Windows 8.1 mwaka 2013. Kwa hiyo kompyuta yenye Windows 10 au 11 inaijua tayari, haina cha kupakua.

Sasa tufuate safari ya picha. Kompyuta inachukua kila kilichopo kwenye kioo chake, inakibana kiwe chepesi, inakirusha hewani, na TV inakidaka na kukifungua. Safari inaanzia mezani na kuishia ukutani, mita tatu au nne. Haiendi kwenye mnara, haiendi Mwanza, haiendi Dar es Salaam. Kampuni iliyokuuzia laini haina namna ya kujua kwamba umerusha kitu, na isichokijua haiwezi kukikata kwenye bando.

Wapo wanaoniambia maelezo wameyaelewa lakini moyo haujatulia. Hao nawapa hesabu. Kioo cha kawaida cha HD kamili kina nukta 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni mbili. Kila nukta inabebwa na biti 24, na picha inabadilika hadi mara 60 kwa sekunde. Bila kubanwa, hizo ni karibu gigabiti 3 kila sekunde. Ndiyo maana kompyuta huibana. Chukua kwamba imeibana hadi megabiti 10 kwa sekunde, na uonyeshe filamu ya saa mbili: zimepita hewani GB 9 ndani ya sebule yako. Kama hizo zingekuwa zinatoka kwenye bando, bando la GB 2 lingekata kabla nusu saa haijatimia. Nani kati ya wanaorusha picha kila jioni amewahi kununua GB 9 kwa ajili ya filamu moja aliyopewa kwenye flashi?

Ushahidi mwingine uko vijijini kwetu. Yapo maeneo ya Meatu na Itilima ambako simu inakaa siku nzima ikionyesha herufi E peke yake pale juu ya kioo. Mtandao wa E hupitisha kilobiti mia chache kwa sekunde ukiwa na nguvu, na mara nyingi hauna. Lakini chukua kompyuta na TV janja mpaka huko, uwashe sola au jenereta, urushe video: itacheza vizuri kama inavyocheza Bariadi. Megabiti 10 haziwezi kupenya kwenye mtandao wa E. Basi hazikupita huko.

Na ambaye hata hesabu haimridhishi afanye jaribio hili nyumbani kwake leo jioni. Zima simu kabisa, uiweke chumba kingine. Chomeka flashi yenye filamu kwenye kompyuta. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi K, subiri jina la TV litokee pembeni, ulichague. Picha ikishatokea ukutani, jiulize bando la nani linaliwa wakati simu imezimwa.

Nakubali kwamba watu hawakuokota imani hii hewani. Wameona bando likiisha kwa macho yao, na wanachosimulia ni kweli. Wanayemshtaki ndiye siye. Hutokea hivi. Mtu anatazama maelekezo mtandaoni, anasikia kwamba kompyuta na TV lazima viwe kwenye Wi-Fi moja. Kwa kuwa hana ruta, anawasha hotispoti ya simu, data ikiwa imewashwa, na kuviunganisha vyote viwili. Kompyuta ambayo haijaonja intaneti kwa wiki nyingi inajikuta imefunguliwa mlango. Windows hutolewa masahihisho kila mwezi, Jumanne ya pili, na yaliyolimbikizana yote yanaanza kushuka kimyakimya: mamia ya MB, mara nyingine zaidi ya GB. Programu ya kuzuia virusi inavuta orodha yake mpya. Picha zinapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni. TV nayo inatafuta toleo jipya la mfumo wake, inasasisha programu zilizokuja nazo dukani, na kushusha mabango ya filamu za kwenye ukurasa wa mbele. Filamu haijafika katikati, meseji inaingia: ndugu mteja, kifurushi chako kimekwisha. Mwenye simu anaangalia TV, anaangalia meseji, anahitimisha kwamba kurusha picha kunakula bando. Kesho yake anamwambia jirani, na jirani anakuja kuniuliza ni GB ngapi.

Tiba yake haina gharama. Kama TV yako inapokea Miracast, hotispoti haihitajiki hata kidogo, izime. Kama TV ni ya aina inayotaka mtandao wa pamoja lakini si intaneti, washa hotispoti kisha zima data. Simu nyingi za Android huendelea kutoa Wi-Fi hata data ikiwa imezimwa, na kwa kuviunganisha vifaa hivyo viwili inatosha. Na kama lazima data iwepo, ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya mtandao, fungua jina la hotispoti yako na uwashe kipengele kilichoandikwa Metered connection. Hapo Windows inajua kwamba intaneti hiyo inalipiwa kwa kipimo, na inajizuia kushusha masahihisho mengi. Kipengele hicho kimoja kingewaokolea watu wa mkoa huu fedha nyingi kila mwezi, TV iwepo au isiwepo, na inanishangaza kwamba anayekuuzia kompyuta hakuonyeshi siku ya kwanza.

Kuna mahali pawili ambapo bando linaliwa kweli, nisije nikasikika nakataa kila kitu. Kwanza, kama unachoonyesha kinatoka mtandaoni. Ukifungua YouTube kwenye kompyuta, bando linaliwa na YouTube, kama ambavyo lingeliwa ukiangalia kwenye kioo cha kompyuta yenyewe. TV haijaongeza kitu. Pili, ule mfumo wa Google uliokuja na Chromecast mwaka 2013 na ambao sasa umo ndani ya TV nyingi za Android. Katika mfumo huo, ukibonyeza alama ya kurusha ndani ya YouTube, kompyuta yako hairushi video. Inaiambia TV video iko wapi, na TV inakwenda kuivuta yenyewe kutoka intaneti. TV ya namna hiyo isipokuwa na intaneti itagoma, na ina haki ya kugoma. Ni mfumo tofauti na Miracast. Kwa kuvichanganya hivi viwili ndipo mafundi wengi, hata wenye maduka, wanawapotosha wateja.

Nikishamaliza la bando naletewa programu za simu zinazoahidi kuunganisha TV yoyote. TV isiyo na redio ya Wi-Fi ndani yake haina cha kupokelea, na hakuna programu inayoweza kuipandikiza redio. Nyingi za programu hizo zimejaa matangazo, na matangazo hushuka kwa bando lako. Zifute. Bluetooth nayo iacheni kwenye spika: uwezo wake ni takribani megabiti 3 kwa sekunde, inatosha muziki, haitoshi picha ya TV.

Kinachokwamisha watu kweli hapa kwetu ni kingine, na hakizungumzwi. Kompyuta nyingi tunazotumia zimekuja zikiwa zimetumika, na kabla hazijakufikia kuna mtu amezipiga Windows upya. Akishaona kioo kinawaka anadhani kazi imekwisha, hakuweka draiva za picha. Fungua Device Manager, sehemu ya Display adapters. Ukikuta pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter, kompyuta yako inaendeshwa kwa draiva ya kuanzia tu, na Miracast haitafanya kazi hata ukinunua bando la mwaka. Ili kupata jibu kamili, fungua dirisha la amri, andika netsh wlan show drivers, ubonyeze Enter, ushuke mpaka mstari wa Wireless Display Supported. Ikiwa Yes, tatizo liko kwenye TV au kwenye mipangilio. Ikiwa No, mstari huohuo hukuonyesha kinachokosekana ni draiva ya picha au ya Wi-Fi. Draiva ipakue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta. Hapo utatumia bando, mara moja tu. Na fundi aliyekupigia Windows mrudishie kazi yake aimalize, kwa kuwa ulimlipa kamili.

Sasa njia zenyewe. TV janja: Samsung na LG nyingi hupokea Miracast, kwa LG fungua Screen Share, kwa Hisense nyingi fungua Anyview Cast, halafu Windows na K. Picha ikitokea na sauti ikabaki kwenye kompyuta, bonyeza alama ya spika uchague TV. Ukitaka TV ionyeshe somo huku kioo chako kikibaki na maelezo yako, bonyeza Windows na P, uchague Extend. Baadhi ya TV za Google hazipokei Miracast: kwa hizo tumia Chrome, menyu ya nukta tatu, Cast, mkiwa kwenye mtandao mmoja wenye intaneti. Mwenye Mac atumie AirPlay kama TV yake inayo. Samsung na LG zilianza kuiweka mwaka 2019. Windows 7 haina Miracast, usipoteze muda nayo. Kompyuta ya mezani isiyo na kadi ya Wi-Fi vilevile.

TV isiyo janja lakini ina tundu la HDMI, nunua kipokeo kidogo cha Miracast kinachochomekwa hapo. Umeme wake usiutegemee kutoka tundu la USB la TV, mara nyingi ni hafifu na kifaa kinajizima na kuwaka. Tumia chaja ya simu. Shuleni na kwenye vibanda, TV nyingi zimefungiwa ndani ya kabati la chuma kuogopa wezi. Bati la kabati linazuia redio, hivyo kipokeo kikibanwa nyuma ya TV picha inakatakata. Kitoe mbele kwa kipande cha waya wa HDMI wa kuongezea. Kwenye mikusanyiko kama Nyakabindi, ambako banda linagusa banda na kila mmoja ana hotispoti yake, masafa ya gigahazi 2.4 yanajaa. Kama kompyuta na kipokeo vinaweza gigahazi 5, vihamishie huko. Picha itachelewa kidogo nyuma ya mkono wako kila mara, hilo ni la kawaida na haliponi. Kwa hiyo kwenye TV isiyo na waya usicheze gemu.

Na kwa mwalimu wangu wa baiolojia, pamoja na kila mwenye shughuli isiyoweza kusubiri, iwe semina, mahafali au kikao cha baraza: kuwe na waya wa HDMI kwenye begi. Wa mita 5 unafika kutoka meza ya mbele hadi ukutani katika vyumba vingi vya madarasa, na hadi mita 10 picha ya HD kamili hupita bila shida kama waya ni mzuri. Ukifika, jaribu kwanza bila waya. Ikigoma, chomeka waya, uchague tundu sahihi kwa rimoti, uanze kufundisha.