Kompyuta Yabaini Milipuko ya Jua Kupitia Picha za Darubini
Machi 13, 1989, dhoruba ya sumaku iliyosababishwa na mlipuko wa Jua ilizima umeme katika jimbo la Quebec, Kanada, kwa takribani saa 9. Wingu la mlipuko wenye kasi huweza kuifikia Dunia ndani ya siku moja tu, hivyo kila saa ya tahadhari ina thamani.

Nchini Ubelgiji, programu ya kompyuta iitwayo CACTus hukagua picha za darubini ya chombo cha SOHO, kilichorushwa mwaka 1995. Vipande vya picha hupangwa kwa mfuatano wa muda; wingu linaloondoka kwenye Jua huonekana kama mstari wa mshazari, na mwinamo wake huonesha kasi. Hata hivyo, programu huhesabu pia mawingu madogo yasiyo na madhara, hivyo wataalamu bado huhakiki matokeo.