Kanuni za Kufunga Maswali Yaliyo Nje ya Mada: Mafunzo kwa Jumuiya za Maarifa za Kiswahili Mtandaoni

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi jumuiya za mtandaoni zinavyoweka kanuni za kufunga maswali yaliyo nje ya mada, na yanabainisha masharti yanayoifanya kanuni ya namna hiyo iwe ya haki. Mfano mkuu ni Stack Overflow, jumuiya ya watayarishaji wa programu za kompyuta iliyoanza mwaka 2008. Makala yanashikilia kwamba kosa kubwa la kuepukwa na jumuiya za Kiswahili ni kuuchukulia upekee wa mahali au wa lahaja kuwa ni kutoka nje ya mada.

1.0 Utangulizi

Kila jumuiya ya maswali na majibu hukabiliwa na hatari mbili. Ikipokea kila swali, wajuzi huchoka kupekua yasiyowahusu, huondoka mmoja mmoja, na mwishowe hubaki waulizaji wasio na wa kuwajibu. Ikikataa mno, wageni hujiona wamezuiwa mlangoni, nao hawarudi. Kanuni ya kufunga maswali ni jaribio la kupita katikati ya hatari hizo. Kwa hiyo, anayepanga jukwaa la Kiswahili la elimu, afya au kilimo hana budi kuifikiria kanuni hiyo mapema, sambamba na mitambo na maudhui.

Suala hili si geni kwa wasemaji wa Kiswahili. Katika Bunge la Tanzania, swali la nyongeza linalotoka nje ya swali la msingi huweza kukataliwa kwa maneno mafupi: hilo ni swali jipya. Mbunge hakatazwi kuuliza. Anaelekezwa alilete swali lake kwa utaratibu unaostahiki. Hapo kuna msingi wa kwanza wa mjadala huu: kinachohukumiwa ni swali, si muulizaji.

2.0 Maana ya Kufunga Swali

Ni muhimu kutofautisha vitendo vitatu ambavyo mara nyingi huchanganywa. Kufuta swali ni kuliondoa machoni pa watu. Kuhamisha swali ni kulipeleka kwa jumuiya nyingine inayolihusu. Kufunga swali ni kuzuia majibu mapya huku swali lenyewe likiendelea kusomeka. Stack Overflow ilichagua njia hii ya tatu kuwa hatua yake ya kawaida. Swali lililofungwa linaweza kurekebishwa, kutolewa maoni na kufunguliwa tena.

Uamuzi huo hufanywa hasa na wanajumuiya wenyewe. Mwanachama hupata haki ya kupiga kura ya kufunga akishafikisha alama 3,000 za sifa, ambazo huzipata kwa kuuliza na kujibu vizuri. Awali zilihitajika kura tano. Mwaka 2019 zikapunguzwa kuwa tatu. Wasimamizi wanaochaguliwa na wanajumuiya wanaweza kufunga kwa kura moja. Kufungua tena nako kuna kura zake. Hivyo basi, kwa kawaida hakuna mtu mmoja anayeshika ufunguo peke yake, na mlango uliofungwa una njia ya kufunguliwa.

3.0 Sababu za Kufunga na Mageuzi ya Mwaka 2013

Hadi mwaka 2013, sababu za kufunga zilikuwa tano: swali ni marudio, liko nje ya mada, halijengi, si swali halisi, au ni la mahali mno. Katika mageuzi ya mwaka huo, sababu mbili za kwanza zilibaki. Tatu za mwisho ziliachwa, na nafasi yake ikachukuliwa na maelezo mengine: swali halieleweki, ni pana mno, au linategemea zaidi maoni binafsi.

Tofauti kati ya orodha hizo mbili ni ya maneno, lakini si ndogo. Kumwambia mtu kuwa alichouliza “si swali halisi” ni kumhukumu pasipo kumfundisha. Kumwambia kuwa swali lake ni pana mno ni kumwonyesha la kufanya: alipunguze. Wakati huohuo jumuiya ilianza kuliita swali lililofungwa karibuni “limesimamishwa” kwa siku tano za kwanza, ili muulizaji aelewe kuwa bado anangojewa alirekebishe. Jina hilo liliondolewa baadaye, ila wazo lake linafaa kuhifadhiwa. Katika Kiswahili, “kusimamisha swali” kunaacha tumaini ambalo “kufunga” hakuliachi.

Hata hivyo, kubadili majina hakukutosha. Mwaka 2018 kampuni inayomiliki jumuiya hiyo ilikiri hadharani kuwa watu wengi, hasa wageni, waliiona kuwa mahali pasipokaribisha. Kanuni inaweza kuwa sahihi katika maandishi na bado ikaumiza katika utekelezaji.

4.0 Upekee wa Mahali na wa Lahaja

Sababu iliyoitwa “la mahali mno” inastahili kuangaliwa zaidi na watafiti wa ukanda huu. Miongoni mwa maswali iliyoyahusu ni yale yenye manufaa kwa eneo dogo la kijiografia pekee. Tuchukue mfano wa kubuni. M-Pesa ilizinduliwa nchini Kenya mwaka 2007. Mtayarishaji wa programu ambaye mwaka 2010 angeuliza namna ya kuunganisha duka lake na huduma hiyo angeweza kufungiwa swali kwa sababu hiyo, na mpiga kura aliye mbali asingeona kosa lolote. Leo huduma hiyo inatumiwa na mamilioni ya watu katika nchi kadhaa. Udogo wa eneo ulikuwa machoni pa mtazamaji.

Jumuiya ya Kiswahili inaweza kurudia kosa hilo ndani yake yenyewe. Muulizaji wa Nairobi huenda akaandika “tarakilishi”, wa Dodoma akaandika “kompyuta”. Maswali yao ni marudio, lakini utafutaji wa maneno hautayakutanisha. Muulizaji wa Lubumbashi anayeandika Kiswahili cha kwao huenda akafungiwa kwa sababu swali lake “halieleweki”, ilhali kilichokosekana ni msomaji anayeijua lahaja yake. Katika hali ya kwanza, dawa ni kuunganisha visawe. Katika ya pili, ni kumwita mwenye kujua kabla ya kupiga kura.

5.0 Masharti ya Kanuni ya Haki

Kutokana na mjadala huu, makala yanapendekeza masharti manne. Kwanza, mipaka ya mada itangazwe kabla ya swali la kwanza kufungwa, na itungwe kwa mifano. Mtandao wa Stack Exchange uliwahi kuwataka waanzilishi wa kila jumuiya mpya wapendekeze maswali ya mfano na kuyapigia kura kabla ya kufungua milango. Pili, kila sababu ya kufunga imweleze muulizaji hatua inayofuata: kurekebisha, kupunguza au kwenda kwingine. Tatu, uamuzi uwe wa zaidi ya mtu mmoja na uweze kutenguliwa kwa njia isiyo ngumu kuliko iliyotumika kufunga. Nne, mahali na lahaja ya muulizaji visiwe sababu ya kufunga, wala visifichwe ndani ya sababu nyingine.

6.0 Hitimisho

Kufunga maswali ni kazi ya lazima, kwa kuwa muda wa wajuzi una kikomo. Lakini kila swali linalofungwa huchora upya mpaka wa maarifa ambayo jumuiya inayatambua kuwa yake. Washauri wa sera wanaofadhili au kubuni majukwaa ya Kiswahili wanashauriwa kudai taarifa ya maswali yaliyofungwa na sababu zake, sawa na wanavyodai idadi ya watumiaji. Idadi ya watumiaji itawaonyesha walioingia; taarifa hiyo itawaonyesha waliobisha hodi wasipokewe.