Alfajiri Ukingoni mwa Ziwa

Katika nchi yetu ya Kagera, jua huchomoza kutoka majini. Anayesimama ufukweni Bukoba baada ya swala ya Alfajiri huliona likipanda ng'ambo ya kisiwa cha Musira. Naye akielekea Kibla, ziwa humkalia mkono wa kulia. Hapo, kabla injini za mitumbwi hazijaanza kunguruma, ndipo tulipoizoea ile tafakuri inayotajwa katika Surat Aal Imran, aya ya 190 na 191: kumdhukuru Mola katika kila hali na kuyazingatia maumbile ya mbingu na ardhi. Mtume wetu (s.a.w.) naye, kabla ya kujiwa na wahyi, alikuwa akijitenga katika pango la Hira.

Lakini ziwa hili halimtulizi kila mtu. Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imetoka hapa na kupitia Kemondo, ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wakafa mamia. Wengine walizikwa Igoma, mbali na migomba ya kwao.

Hivi karibuni, kamati yetu ilipozipeleka familia za msikiti ufukweni upande wa Muleba, alifuatana nasi mama mmoja aliyefiwa na mumewe katika msiba ule. Tangu mwaka ule alikuwa hajalisogelea ziwa. Tuliwaomba vijana wafiche simu zao (ombi lililotekelezwa nusu), tukaketi juu ya majabali. Mama alikaa amelipa ziwa mgongo.

Tulikumbushana kwamba Mtume (s.a.w.) amemhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Tukalisema hilo, kisha tukanyamaza, maana sisi wa kamati tuna desturi ya kuwachosha wafiwa kwa mawaidha marefu.

Baada ya muda mmoja wetu akamwuliza, "Mama, tukurudishe nyumbani?"

"Niacheni, wanangu. Nyumbani kila ajaye hunipa pole. Hapa hakuna anayeniambia neno."

Jua lilipokwisha kupanda tukajiandaa kwa swala ya Dhuha. Mama akaomba maji ya kutawadha. Kijana akamkimbilizia dumu tulilokuja nalo, akalikataa. Alimshika mjukuu wake bega, akateremka taratibu hadi ukingoni, akainama, akayateka maji ya ziwa kwa viganja vyake.